Mshono wa Kuchanika

Anayevaa shati huingia kwa mlango mmoja akatokea kwa mitatu. Hicho kitendawili kila mtoto anakijua, nami nimekitega miaka nenda miaka rudi kwa wanangu na kwa wajukuu. Lakini wakati wa ule ugonjwa mkubwa nilikutana na nguo nyingine ambayo jibu lake lilinitoa jasho, na nguo yenyewe nilikuwa naishona mimi mwenyewe.

Shule zilikuwa zimefungwa. Tulipewa darasa moja la shule ya msingi iliyo jirani na kwangu, tuwashonee wahudumu wa hospitali majoho ya kujikinga, bure, kila mwenye cherehani aje na cherehani yake. Mimi nilikuja na yangu ya mkono, mzee mwenzangu, nimeibeba kichwani kama ndoo. Tulikaa mbalimbali, barakoa usoni, madirisha wazi, kila mtu na dawati lake. Na madawati yenyewe ni ya watoto! Magoti yangu yalifika karibu na kidevu.

"Bibi umerudia darasa," Mama Mapazia akanitania siku ya kwanza.

"Safari hii nafaulu," nikamjibu. "Wewe angalia usije ukafeli, maana dawati limekukataa."

Akacheka mpaka barakoa ikamshuka. Mama Mapazia ni mshonaji wa mapazia, mwanamke mwenye mwili na kicheko cha kuujaza, na kwa sababu amezoea vitambaa virefu yeye ndiye aliyekata. Aliunganisha madawati katikati ya darasa, akatandaza kitambaa juu yake, akatembea na mkasi kama mtu anayefuata njia ya kwao.

Mkubwa wetu alikuwa Fundi Suti. Hakuna aliyemchagua, alijichagua. Mwembamba, mnyoofu, futi ya kupimia iko shingoni hata akila, na mkewe anasema hata akilala. Kile kitambaa alikidharau tangu alipokiona. Kilikuwa cheupe, chepesi, hakina uzi uliofumwa, ukikishika ni kama karatasi inayojifanya nguo. Mimi nilikipenda. Nilikidondoshea tone la maji nikaliona linatembea juu yake kama juu ya jani la mgomba, linatafuta pa kuingia, halipati. Nikadondosha la pili. La tatu Fundi akaniona.

"Bibi, tumekuja kushona au kuoga?"

"Najifunza tabia yake, fundi. Utaoa mtu usiyemjua?"

"Tabia ya kitambaa iko kwenye mshono," akasema. "Hiki ni dhaifu, kwa hiyo sisi ndio tuwe na nguvu."

Ikawa sheria. Kila mshono unarudiwa, na mwisho wake unashindiliwa kwa kurudisha sindano nyuma. Kubwa zaidi ni kamba za shingoni. Lile joho liko wazi kwa nyuma, na juu linafungwa kisogoni kwa kamba mbili. Kamba hizo Fundi alitaka zishonwe kwa kisanduku, na ndani ya kisanduku msalaba, kama mkanda wa begi la safari. Likimalizika alilitundika kwenye kitasa cha mlango kwa kamba zake, akalivuta kwa nguvu zake zote, miguu imekita chini.

"Hii hata ng'ombe unamfungia," alikuwa anasema, na sisi tunafurahi.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kufurahi. Kitindamimba wangu ni muuguzi, na alikuwa kwenye wodi ya hao hao wagonjwa. Tangu ugonjwa uingie hakuwa amekanyaga nyumbani. Alilala kwenye vyumba vya hospitali, akinipigia simu anasema, "Mzima, mama," kisha nasikia usingizi unamchukua simu ikiwa bado sikioni. Sikujua ni joho lipi litamfikia yeye, basi yote niliyashona kama lake. Nilishindilia kamba zile kwa mapenzi. Nilisema moyoni, ugonjwa huu hautampata mwanangu kwa uzembe wa sindano yangu.

Kitu kimoja tu kilinikera. Majoho yalikwenda, hayakurudi. Nilijua yanavaliwa mara moja na kuchomwa moto, lakini kati ya kuvaliwa na kuchomwa kuna nini? Nikimuuliza Mguu Ndani, dereva aliyekuwa anayachukua, ananijibu kwa dirisha la gari. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hajawahi kushuka.

"Bibi, mimi napeleka tu. Umewahi kumuuliza mtu wa posta barua imesema nini?"

Basi asubuhi moja Mguu Ndani akashuka. Tukajua kuna jambo. Alikuwa na gunia la majoho yetu mapya, hayajavaliwa. Akasema mikono ni mifupi, wauguzi wakiinua mikono vifundo vinatokeza nje ya glavu, tuongeze. Akaliacha mlangoni akarudi garini mbio kama amekanyaga siafu.

Mikono mifupi si aibu. Tukaanza kuyatoa ili tuyarefushe. Joho la kwanza nililolishika lilikuwa na jambo shingoni. Kamba ilikatwa. Haikukatwa ikaanguka, la. Ilikatwa pale inapoungana na shingo, katikati ya kile kisanduku cha Fundi, ikaachwa inaning'inia kwa nusu yake. Nikachukua la pili. Vivyo hivyo. La tatu, la nne. Mama Mapazia naye kule kwake akanyamaza ghafla, na yeye akinyamaza darasa zima linasikia.

"Fundi," akaita. "Njoo uone maajabu."

Fundi Suti alikuja, akavaa miwani, akatazama. Akavua miwani, akatazama tena.

"Panya," akasema mtu.

"Panya gani anayetumia mkasi?" nikauliza. "Tazama ukingo. Umenyooka. Na panya akianza kamba anaimaliza, haachi nusu ya kesho."

"Basi ni wivu!" Fundi sasa sauti imepanda. "Kuna watu hawataki tusifiwe. Au ni wao wenyewe huko. Tunawapa bure, wanatukatia kazi yetu! Huku ni kutupaka matope."

"Labda Mguu Ndani," Mama Mapazia akasema.

"Yule?" Fundi akamkatiza. "Hata mlango wa gari anaona tabu kuufungua, atashika mkasi akate gunia zima?"

Wakabishana. Mimi nililiweka joho lile mapajani nikawa nalitazama. Anayetaka kuharibu anaharibu. Hukata katikati ya kifua, hukata mgongo, hukata kamba ikaisha. Huyu alikata pale pale kila joho, nusu kila joho, kwa adabu kabisa, kama mtu anayekata kitovu. Nikasema, "Kitendawili."

"Bibi, si wakati wake," Fundi akafoka.

"Tega," Mama Mapazia akasema.

"Ananiharibia nusu, ananiachia nusu, na mimi simchukii."

Fundi akanuna, "Chukua mji, Bibi, chukua hata na nchi nzima, lakini mimi kesho sishoni mpaka nimjue aliyekata."

Na mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetega kitendawili ambacho mwenyewe sikijui, kitu ambacho marehemu bibi yangu angenichapa kwacho. Nikampigia kitindamimba wangu. Nikamwambia tu, "Mwanangu, nani anakata kamba za shingoni?"

Nikasikia mlango unafungwa upande wake. Kisha akasema, "Mama, zamu ikiisha njoo nyuma ya hospitali, kwenye uzio wa pale wanapoanika mashuka. Njoo na joho moja ambalo halijakatwa. Ukae mbali na wavu."

Nikaenda. Nililirusha joho juu ya wavu nikarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa pili. Akatoka. Alikuwa amekonda, na alama za barakoa zimemkaa mashavuni kama chale. Nilitaka kulia, nikajizuia, kwa sababu mwanangu huyu ukimlilia anakasirika.

"Umekonda," nikasema.

"Na wewe umenenepa. Tusianze, mama. Tazama." Akavaa glavu, akavaa joho, akamwita mwenzake aliyekuwa anapita amfunge kamba za kisogoni. Yule akamfunga, akaenda zake. "Umeona? Kuvaa tunavalishana. Kuvua kila mtu peke yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukishatoka kwa mgonjwa hugusiki. Sasa hivi mbele yangu yote ni ugonjwa. Glavu hizi ni ugonjwa. Nataka kutoka humu bila kujigusa. Nifanyeje?"

Nikafikiri. "Ulikunje, ulivute kwa mbele."

"Sawasawa." Akashika kifua cha joho kwa mikono miwili, akalivuta mbele. Shingo ikamwinama. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka akapiga hatua kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kisanduku cha Fundi hakikutikisika. "Nguo zinazotoka kiwandani, hapa ukivuta hivi kamba inakatika, unaizungusha ndani nje pamoja na glavu, unatupa, umemaliza. Za kwenu hazikatiki. Kwa hiyo…" Akapeleka mikono yake nyuma. Nikaona vidole vile vya glavu vinaingia kisogoni kwa mwanangu, vinapapasa kwenye nywele, vinatafuta fundo, vinapapasa shingoni.

"Acha!" nikapiga kelele, wakati glavu zenyewe zilikuwa safi, zimetoka kwenye boksi.

"Basi ndiyo hivyo. Ni mimi ninayekata, mama. Mimi na wenzangu. Kabla ya kuvaa tunakata nusu kwa mkasi, ili ikivutwa ikubali. Lakini ukikata sana inakuvuka mbele ya mgonjwa. Na siku ambayo wagonjwa wanaingia kwa mkupuo, unasahau kukata. Mwenzangu wa zamu alisahau. Sasa yuko chumba cha peke yake na ameanza kukohoa."

"Mbona hukuniambia?"

Akatazama chini. "Mnajitolea. Unalala macho mekundu kwa ajili yetu. Nije niseme nini, kwamba mshono umezidi kuwa mzuri?"

Nilirudi nikitembea haraka kuliko miguu yangu inavyopenda. Leo au kesho mwanangu angeweza kusahau mkasi, na mimi ndiye niliyemfungia kamba ya ng'ombe shingoni.

Fundi Suti alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akatikisa kichwa.

"Bibi, nakuheshimu. Lakini mimi nimemshonea bwana harusi koti ambalo sasa analivaa akienda kwenye harusi za wajukuu. Leo unaniambia nishone nguo ichanike? Watu wakisikia Fundi Suti nguo zake zinachanika?"

"Watu gani, fundi? Wote wamejifungia ndani."

"Mimi mwenyewe nitasikia."

Hapo nikajua maneno hayatoshi. Tulikuwa darasani, na darasa halikosi chaki. Nikachukua ya buluu, nikaisaga juu ya dawati kwa chupa ya maji. "Nipe mikono."

"Unanifanya nini?"

"Nakutega. Nipe."

Nikampaka unga wa chaki viganja na vidole vyote. Mama Mapazia akamvisha joho, lile lile lililoshonwa na Fundi mwenyewe, akamfunga kisogoni. Nikamwambia, "Huo unga ndio ugonjwa. Toka humo."

Akavuta. Joho likagoma. Uso ukamng'aa kwa fahari. "Mmeona? Mmeona kazi?" Akavuta mara ya pili, shingo ikamwingia mabegani kama kobe. Mara ya tatu akapumua, akapeleka mikono nyuma, akahangaika na fundo, na mwishowe akalivua akalitupa dawatini.

"Nimetoka. Kwani ilikuwa nini?"

Mama Mapazia alikuwa amemzunguka. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Alimpiga picha ya shingo kwa simu akamwonyesha. Kisogo chote buluu. Masikio buluu. Ile futi yake ya kupimia buluu. Na kwa kuwa alikuwa amejifuta jasho bila kujua, mstari mmoja ulipita juu ya jicho.

Fundi aliitazama picha ile muda mrefu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Binti yako hivi?"

"Akisahau mkasi, hivi."

Akakaa. Akavuta cherehani yake, akaweka kamba chini ya mguu wa sindano, akashona. Alipofika mwisho tukasikia cherehani inarudi nyuma, trr, trr, inashindilia. Akasonya. "Mkono umenikaidi." Akaanza upya. Ikashindilia tena. Mkono ulioshindilia miaka arobaini hauwezi kuambiwa mara moja uache. Tukajaribu na sisi wengine. Mama Mapazia akashona moja lisilorudiwa, akalivaa, akainama kuokota mkasi, pwaa! joho likamdondoka miguuni.

"Mgonjwa ameniona uchi!" akalia, akijifunika kwa kitambaa wakati nguo zake zote ziko mwilini.

Basi tukawa kama watoto wenye mchezo mpya. Iwe na nguvu ya kuinama, isiwe na nguvu ya kuvutwa. Uzi mwembamba ukakatika mapema. Uzi mzito haukukatika. Mshono mmoja ukaachia, miwili ikagoma. Kila tulilolishona mtu alilivaa, akainama, akanyoosha mikono juu, kisha akamwinua mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mimi, nimelazwa juu ya madawati. Nilinyanyuliwa siku hiyo kuliko nilivyonyanyuliwa siku ya harusi yangu.

"Mgonjwa mzito huyu," Mama Mapazia akasema.

"Mgonjwa ana njaa," nikasema. "Shoneni haraka."

Fundi hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama dirishani na joho mkononi, analivuta polepole, ananusa kama mtu anayekumbuka harufu. Ghafla akageuka.

"Bandi!"

"Bandi nini?"

"Bandi, jamani! Suti kabla hujaishona unaipiga bandi. Mishono mirefu, imelegea, haina fundo mwishoni. Mteja anaivaa, anajitazama, anageuka, anainua mikono, anakaa kwenye kiti, haiachii. Akiridhika, unashika uzi, unavuta mara moja, yote inatoka. Nimepiga bandi maisha yangu yote! Nimechana mishono mingi kuliko niliyoiacha!"

Akalegeza uzi wa cherehani, akakizungusha kile kifungo cha urefu wa mshono mpaka kikagoma, akapitisha kamba mstari mmoja, mrefu, akaiacha bila kurudia. Safari hii mkono ulitii, kwa sababu ulikuwa unafanya kitu unachokijua. Akalivaa mwenyewe. Akaninyanyua mimi. Likakaa. Akaniweka chini, akashika kifua, akavuta.

Lilichanika kwa sauti kama mtu anayefungua barua ya mpenzi. Fundi akabaki na rundo mikononi, ndani limegeuka nje, shingo yake safi isipokuwa ile buluu ya mwanzo aliyokuwa hajainawa.

"Tena," akasema. Tukashona tena, likachanika tena. Hatukuamini mpaka tulipochana mengi kuliko ilivyofaa, na Mama Mapazia akatunyang'anya kitambaa.

Lakini sisi si wauguzi. Siku iliyofuata nilirudi kwenye uzio na majoho ya bandi ndani ya mfuko. Fundi aliniambia nikifika nimpigie simu, nisiikate, nimwache asikie. Kitindamimba wangu akatoka, macho mekundu. Hakuniuliza kitu. Akavaa, akafungwa, akainama mpaka chini, akajinyoosha, akazungusha mabega, akapiga mikono hewani kama anayemkanda mgonjwa kifua. Nilitazama zile kamba kisogoni mpaka macho yakauma. Zilikaa.

Kisha akashika kifua akavuta. Mara moja tu. Mikono yake haikwenda nyuma. Ilikwenda mbele, ikakunja, ikaviringisha, glavu zikavuka zenyewe zikafungwa ndani ya joho kama maandazi ndani ya gazeti, na yeye akabaki amesimama na kifurushi kidogo, amepigwa na butwaa.

"Bibi!" Fundi akaita kwenye simu mkononi mwangu. "Bibi, imekuwaje? Imechanika?"

"Imechanika, fundi."

"Imechanika vizuri au imechanika kidogo?"

"Imechanika vibaya sana! Haifai hata kwa tambara!"

Nikasikia darasa zima linapiga vigelegele, na juu ya vigelegele sauti ya Fundi Suti, mtu ambaye hajawahi kumrudishia mteja pesa, anapiga kelele kwa furaha, "Imechanika! Jamani, yangu imechanika!"

Mwanangu alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu ugonjwa uingie. Akakitupa kile kifurushi kwenye pipa, akafungua bomba, akanawa mikono. Aliinawa kwa utaratibu, kidole kimoja kimoja, katikati ya vidole, kucha, viganja, vifundo, na mimi nilisimama pale pale ukutani nikamtazama mpaka alipofunga maji.

"Lete na mengine, mama," akasema. "Mchana huu tuko wengi."

Nikayarusha juu ya wavu, moja moja, naye akayadaka.